Majuma Mawili Hayamfanyi Mkimbiaji

Katika shule nyingi za nchi yetu iko desturi moja ambayo watu wameizoea hata hawaioni tena kuwa ni kosa. Msimu wa mashindano ukikaribia, tangazo husomwa katika gwaride la asubuhi kwamba wasichana wawezao kukimbia wajiandikishe. Majuma mawili yakiwa yamebaki, waliojiandikisha hutolewa uwanjani, hupangwa mstari, na huamriwa kuzunguka hata pumzi ziwaishe. Yule asiyeanguka ndiye ahesabiwaye kuwa mkimbiaji. Akishinda, shule nzima hupiga vigelegele. Akiumia, husemwa kwamba hakuwa na moyo. Nasema desturi hiyo ni dhuluma. Yamdhulumu msichana mwili wake, yaidhulumu shule heshima yake, na yalidhulumu taifa mabingwa ambao halitapata kuwajua kamwe.

Mbio za masafa hazifanani na bahati nasibu ambayo mtu hununua tikiti leo na kungoja jina lake kesho. Mkimbiaji hufanywa katika miezi ambayo hakuna mtu amtazamaye: wakati uwanja hauna bendera, wakati hakuna mshindani wa kumpita wala mzazi wa kumshangilia. Miezi hiyo ndiyo iitwayo maandalizi ya kabla ya msimu. Mwenye shamba hulima kabla ya mvua, wala hangoji mawingu yatande ndipo aanze kutafuta mpini wa jembe. Lakini katika mbio za wasichana tumekuwa wakulima wa ajabu, tutakao kuvuna mahali ambapo hatukulima.

Tuutazame mwili wenyewe, maana hapo ndipo hoja yangu iliposimama. Mtu aanzapo kukimbia mara kwa mara, moyo na damu yake huizoea kazi hiyo upesi. Baada ya majuma machache kilima kilichomtoa jasho hupandwa bila taabu, na mwenyewe hujiona amekuwa swala. Mifupa na kano haziendi kwa mwendo huo. Mfupa upigwao na ardhi mara maelfu hujijenga upya: kwanza mwili huondoa sehemu zilizochakaa, kisha huweka nyingine zilizo imara zaidi. Kati ya kuondoa na kuweka upo muda wa majuma kadhaa ambao mfupa huwa dhaifu kidogo kuliko ulivyokuwa mwanzo. Basi, katika muda huo huo msichana hujisikia ana nguvu, na mwalimu asiyejua humwongezea mzigo. Pumzi yasema ndiyo, mfupa wasema bado. Mfupa usiposikilizwa, ufa mwembamba hutokea katika muundi au katika wayo, na mbio za mwaka mzima huishia kitandani. Wahenga walisema kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni. Walimu wa majuma mawili huwapeleka watoto wetu ukingoni kila mwaka, kisha hushangaa wanapoanguka.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza kunijibu watakuwa wale wasemao kwamba mkimbiaji huzaliwa. Watasema, "Mtazameni msichana wa Iten, aliyezaliwa mahali palipoinuka mita 2,400 hivi juu ya bahari, aliyepanda na kushuka milima tangu utoto wake. Wa nini mafunzo? Damu yake yamtosha." Maneno haya ni matamu, na mengi yatamkwayo juu ya mbio za Kenya yamejengwa juu yake. Lakini tuyapime kwa tarehe.

Mwaka 1964 Wilson Kiprugut aliileta Kenya nishani yake ya kwanza ya Olimpiki kutoka Tokyo, kwa kuwa wa tatu katika mita 800. Mwaka 1968, katika mji wa Mexico, Naftali Temu alitwaa dhahabu ya mita 10,000, Kipchoge Keino akatwaa ya mita 1,500, na Amos Biwott akatwaa ya mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Katika michezo hiyo hiyo ya 1968 wanawake wa Kenya walishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza. Sasa hesabu, ewe msomaji. Nishani ya kwanza ya Olimpiki ya mwanamke wa Kenya ilipatikana mwaka 1996, Pauline Konga alipokuwa wa pili katika mita 5,000 huko Atlanta. Tangu Kiprugut hata Konga ni miaka 32. Dhahabu ya kwanza ya mwanamke ilitwaliwa na Pamela Jelimo katika mita 800 huko Beijing mwaka 2008. Tangu Temu hata Jelimo ni miaka 40.

Ikiwa damu na milima vyatosha, miaka hiyo yote ilikwenda wapi? Wasichana wa mwaka 1964 walipanda milima ile ile waliyopanda kaka zao. Walivuta hewa ile ile nyembamba, wakachota maji katika mito ile ile, tena wakayapandisha vichwani mwao. Damu ilikuwako, na milima haikusogea. Kilichokosekana ni nafasi, na pamoja na nafasi, maandalizi. Mita 5,000 za wanawake hazikuwamo katika Olimpiki kabla ya mwaka ule wa 1996. Mara tu mlango ulipofunguliwa, mwanamke wa Kenya aliingia na kutoka na fedha. Basi asituambie mtu kwamba maumbile hufanya kazi yote. Mbegu njema isipopandwa hubaki ghalani mpaka ikaliwa na wadudu.

Walimwengu nao walikuwa na hatia yao katika jambo hili. Mwaka 1928, katika Olimpiki ya Amsterdam, wanawake walikimbia mita 800 kwa mara ya kwanza. Wanawake tisa walianza fainali, na wote tisa waliimaliza. Mshindi, Lina Radke wa Ujerumani, aliweka rekodi ya dunia. Lakini magazeti yaliandika kana kwamba uwanja ulijaa maiti, na wakubwa wa michezo wakaamua kwamba masafa hayo yanazidi nguvu za mwanamke. Mbio hizo zikaondolewa, zisirudi mpaka Roma mwaka 1960. Hiyo pia ni miaka 32. Mwanamume aangukaye mwishoni mwa mbio husifiwa kwamba alijitoa mhanga; mwanamke aangukapo huambiwa kwamba alikosea kuingia. Mwalimu wa leo asemaye kwamba wasichana hawafai kuandaliwa kwa miezi mitatu, kwa kuwa hawatadumu, anarudia hukumu ya mwaka 1928 kwa sauti ya chini.

Wa pili kunijibu watakuwa wale wajiitao wakali. Hao wanakubali mafunzo, ila wanayataka yawe adhabu. Husema kwamba samaki mkunje angali mbichi, na kwamba msichana hana budi akonde ndipo awe mwepesi. Humpunguzia chakula, humpima uzito mbele ya wenzake, na humcheka akiongezeka. Methali yao ni ya kweli, lakini wameisoma nusu. Samaki mbichi hukunjwa kwa mkono wa taratibu; akunjwaye kwa ghadhabu hukatika, na aliyekatika hafai hata kwa kubanikwa.

Umri wa shule ya sekondari ndio umri ambao mwili wa msichana huweka akiba ya mifupa atakayoitumia maisha yake yote. Akikimbia sana na kula kidogo, mwili hufanya kama afanyavyo mtu mwenye mapato madogo: hufunga matumizi unayoweza kuyaahirisha. Hedhi hukoma, mifupa hukosa ulinzi, majeraha hayaponi upesi, na mafua hayamwishi. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu lililoyakusanya madhara haya chini ya jina moja, yaani upungufu wa nishati kwa wanamichezo. Na bado wako wakufunzi wasemao kwamba hedhi ikikoma ni ishara kuwa mazoezi yamekolea! Ni kama mwenye nyumba afurahiye kimya cha mbwa wake bila kujua kwamba mbwa amekwisha kufa.

Asiyeniamini na auangalie mfano wa Mary Cain wa Marekani. Mwaka 2013, akiwa na miaka 17, alifika fainali ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia huko Moscow. Mwaka 2019 alieleza hadharani katika gazeti la New York Times jinsi alivyoshurutishwa kupungua uzito, na kupungua tena. Alisema kwamba hedhi yake ilikoma kwa miaka mitatu na kwamba alivunjika mifupa mitano. Alikuwa katika nchi tajiri, penye mashine za kila namna na wataalamu wa kila aina. Ikiwa ukali usio na elimu uliweza kumharibu binti aliyezungukwa na vyote hivyo, utamfanya nini binti wa bweni ambaye chakula chake cha jioni kimepimwa kwa kijiko?

Kwa hiyo nasema bila kuzunguka: maandalizi ya wasichana huanzia jikoni. Anayeongezewa mazoezi aongezewe sahani. Mahindi na maharagwe, ugali na omena, maziwa, mayai yanapopatikana, mnavu na mboga nyingine za majani, hivyo vyote ni mafunzo sawasawa na kupanda kilima. Msichana hupoteza madini ya chuma kila mwezi, na damu iliyopungukiwa chuma haiwezi kubeba hewa ya kutosha, hata mwenye damu hiyo angekuwa na moyo wa simba. Chai inywewayo pamoja na chakula huuzuia mwili usiyapate vema madini hayo. Chungwa au limau huusaidia. Basi chai ingoje kidogo, chungwa litangulie. Jambo hili halihitaji fedha nyingi. Lahitaji mtu mmoja ajuaye na asiyeona haya kusema.

Naam, na haya ndiyo adui mwingine. Mwalimu wa mbio aweza kuuliza juu ya goti, juu ya kifundo, juu ya kikohozi. Likija suala la hedhi, hutazama mawingu. Mwaka 2017 Sheria ya Elimu ya Msingi ilirekebishwa ili Serikali iwape wasichana wa shule sodo bila malipo. Maadamu taifa limeweza kulitaja jambo hili katika sheria, uwanja wa michezo una heshima gani iliyo kubwa kuliko Bunge hata lisitajwe hapo? Kila timu ya wasichana na iwe na mwalimu wa kike au mlezi ambaye msichana aweza kumwendea na kumwambia, "Miezi mitatu sasa sijaona siku zangu," naye ajue kwamba ameambiwa habari ya hospitali.

Wa tatu kunijibu watakuwa wazazi, na hao nawajibu kwa adabu zaidi, kwa kuwa hoja zao zina uzito. Watasema kwamba binti ana mitihani, ana kazi za nyumbani, na njia za alfajiri zina hatari. Juu ya mitihani, hesabu ni nyepesi. Nusu saa mara nne kwa juma ni saa mbili, na juma lina saa 168. Asiyeweza kupata saa mbili katika 168 hajanyimwa na vitabu. Amenyimwa na mpango wake. Juu ya kazi za nyumbani, nauliza swali moja tu. Kwa nini mvulana arudipo kutoka shuleni hupewa mpira, na dada yake hupewa mtungi? Kazi za nyumba zikigawanywa kwa haki, nusu saa ya binti itapatikana bila mtu yeyote kulala njaa.

Hofu ya njia siidharau hata kidogo. Lakini dawa yake ni ulinzi, wala haiwezi kuwa kifungo. Wasichana na wakimbie kwa makundi, mchana kukiwa kumepambazuka, wakifuatana na mwalimu. Pasiwe na mtu amfunzaye msichana mmoja faraghani. Na yeyote ajaye na maneno matamu ya viatu, kambi na safari za ng'ambo, aelekezwe kwa mwalimu mkuu, na mzazi awepo aongee naye. Maandalizi yafanywayo shuleni mbele ya macho ya watu humlinda binti. Shule ikiyaacha, wageni ndio watakaoyafanya, tena kwa masharti yao.

Wako pia watakaonitolea mfano wa bingwa aliyechomoza ghafula. Watasema, "Jelimo alitwaa dhahabu akiwa na miaka 18, mwaka ule ule alioingia katika mita 800." Ni kweli, lakini hakuanza kukimbia mwaka ule. Alikuwa amekimbia mbio fupi kwa miaka kabla ya kuhamia mita 800. Kadhalika msichana wa kijijini ashindaye "bila maandalizi" aghalabu amekuwa akikimbia kwenda shule na kurudi kwa miaka minane. Maandalizi alikuwa nayo. Mwalimu hakuyaona, kwa hiyo akajitwalia sifa za kazi iliyofanywa na barabara. Tena wenye kutoa mifano hii humhesabu aliyefika tu. Hakuna awahesabuye kumi waliovunjika njiani, kwa sababu majina yao hayakuandikwa popote.

Nikiisha kubomoa, yanipasa kujenga. Timu ya wasichana yahitaji majuma kumi au kumi na mawili kabla ya shindano lake la kwanza. Mashindano yakianguka mwanzoni mwa mwaka, maandalizi yaanze kabla ya likizo ndefu, na kila msichana aende nyumbani na karatasi yenye kazi zake. Majuma manne ya kwanza yawe ya mwendo mpole, ambao mkimbiaji aweza kuzungumza na mwenzake bila kukatika pumzi. Asiyeweza kuzungumza anakwenda kasi mno. Aliye mgeni aanze kwa dakika 20 mara tatu kwa juma, akichanganya na kutembea inapobidi, kisha aongeze kidogo kidogo. Na kila juma la nne mzigo upunguzwe ili mwili upate kujenga. Majuma manne yafuatayo yaingize vilima vifupi, mbio moja ndefu kwa juma, na mazoezi ya kuimarisha kiuno na miguu yasiyohitaji chombo chochote. Mwendo wa kasi wa mashindano uje mwishoni, mara moja au mbili kwa juma, juu ya msingi uliokwisha kukauka. Siku moja katika juma iwe ya kupumzika kabisa, na asiwepo wa kuiita uvivu. Maumivu ya misuli baada ya kazi ni ya kawaida. Maumivu ya mfupa yanayouma mahali pamoja kila siku ni amri ya kusimama.

Mtu atauliza faida ya taratibu hii yote. Faida yake ni miaka. Vivian Cheruiyot alikimbia katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 akiwa na miaka 17, na dhahabu yake ya mita 5,000 akaipata Rio mwaka 2016, baada ya kuzaa. Faith Kipyegon alishinda mita 1,500 za Rio mwaka 2016, akajifungua mtoto mwaka 2018, akashinda tena Tokyo mwaka 2021 na tena Paris mwaka 2024. Mwaka 2025 Beatrice Chebet alikuwa mwanamke wa kwanza kukimbia mita 5,000 chini ya dakika 14. Wanawake hawa wameubomoa uongo wa kwamba mbio za msichana huisha akipata nishani ya shule, au akiolewa, au akizaa. Msichana wa miaka 16 ana miaka 15 na zaidi ya mbio mbele yake, ikiwa hatutaila yote katika majuma mawili ili kabati la mwalimu mkuu lipate kikombe kimoja zaidi.

Haraka hii ina mtoto wake mbaya. Anayefundishwa shuleni kwamba ushindi hauna haja ya kungojewa, akiwa mkubwa atatafuta njia nyingine ya kutongoja. Mwaka 2016 nchi yetu ililazimika kutunga sheria dhidi ya dawa za kuongeza nguvu michezoni. Wengi walishangaa ugonjwa huo ulitoka wapi. Wangeuliza pia kile ambacho vijana walijifunza walipokuwa wadogo: kwamba matunda huheshimiwa na mizizi hudharauliwa. Sindano ni ndugu mdogo wa majuma mawili.

Basi nawaambia walimu wakuu: msimu wenu hauanzi siku ya tangazo, na bajeti ya michezo isiyo na sahani ya ziada kwa mkimbiaji ni bajeti ya viwete. Nawaambia wazazi: mpeni binti nusu saa yake kama mnavyompa kaka yake, nanyi mjue aendako na aliye pamoja naye. Nanyi wasichana msomao maneno haya, nawaambia jambo moja. Mtu akiwaita uwanjani majuma mawili kabla ya mashindano na kuwaambia mkimbie hata mwanguke, muulizeni kwa heshima alikuwa wapi miezi mitatu iliyopita. Ikiwa hana jibu, leteni ninyi jibu: kusanyikeni watano au sita, mtafuteni mwalimu mmoja wa kike mwenye moyo, mwanze Jumatatu ijayo kwa dakika 20 za mwendo wa mazungumzo. Hakuna atakayewapigia makofi siku hiyo. Makofi yana msimu wake, na msimu huo hutanguliwa na kazi.